Mvumo uliomtoa mzee sebuleni

Katika nyumba nyingi, mzee akisema anasikia kitu ambacho wengine hawakisikii, jibu huwa tayari kabla hajamaliza kusema: ni uzee huo. Akisema kuna harufu ya waya unaoungua, pua yake imechoka. Akisema chai haina sukari, ulimi wake umechoka. Hakuna anayemtukana. Watu wanacheka kidogo, wanampigapiga begani na maisha yanaendelea. Lakini mzee anayejibiwa hivyo mara kumi, mara ya kumi na moja hasemi tena.

Katika kata ya Katindiuka, mjini Ifakara, mzee mmoja mwenye miaka 71, mstaafu wa reli ya TAZARA, alijibiwa hivyo kwa karibu miezi minane. Alichokuwa anakisikia kilikuwa mvumo, na alisema unatoka kwenye amplifaya yake.

Amplifaya hiyo ndiyo anasa pekee aliyojinunulia kwa kiinua mgongo. Fedha nyingine zilikwenda kwenye bati, matofali na ada za watoto. Aliipata Kariakoo, Dar es Salaam, mtumba kutoka Ulaya, nzito kama debe la mpunga, akasafiri nayo kwa treni hadi Ifakara akiwa ameibana katikati ya miguu safari nzima. Kila jioni, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, alisikiliza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au Salum Abdallah na Cuban Marimba, bendi za mkoa wake mwenyewe. Hakuwa mtu wa kufungulia muziki mtaa mzima usikie. Alipenda sauti ya chini, gitaa lisikike linapoanza na linapoishia, na kati ya wimbo na wimbo pawe kimya. Tangu mke wake alipofariki, saa hiyo moja ndiyo iliyokuwa yake.

Kimya hicho ndicho kilichoharibika.

Saluni ya chumba cha mbele

Mkwe wake, mke wa kijana wake anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu, alifungua saluni ndogo katika chumba cha mbele cha nyumba. Viti viwili, kioo kimoja, beseni la kuoshea nywele na drai ya mkono. Mtaji ulitokana na mpunga wa msimu uliotangulia. Ndani ya miezi michache saluni ilikuwa inalipa ada ya mtoto wa kidato cha tatu na kununua mboga, na umeme wa LUKU haukukatika tena katikati ya mwezi.

Siku kubwa ilikuwa Jumamosi. Wazazi walileta watoto kutengenezwa nywele kwa ajili ya kanisani kesho yake, na kazi ilikwenda hadi saa tatu usiku. Ni saa hizo hizo mzee alipokuwa sebuleni na muziki wake, na ni saa hizo hizo mvumo ulipokuja: sauti nzito ya mmmm, wakati mwingine ikikwaruza kama bati linalotetemeka, kisha ikikatika ghafla.

Alimwambia mkwe wake kwa upole. “Mama, chombo hiki kinalia ukiwa kazini.”

Mkwe akaenda sebuleni, akasimama, akasikiliza. Kimya. Drai ilikuwa imezimwa, maana aliyekuwa anaishika ndiye aliyesimama pale. “Sisikii kitu, baba,” akajibu, akarudi kwa mteja wake. Hakudanganya. Na mzee naye hakudanganya.

Baada ya wiki kadhaa mzee akaomba saluni ifungwe saa kumi na mbili jioni siku za Jumamosi. Hapo mambo yakabadilika. Ombi hilo lilikuwa na maana ya kupoteza wateja wa siku inayolipa kuliko zote. Mkwe alimpigia simu mumewe usiku ule akamwambia kile alichokuwa amekiweka moyoni: “Baba haitaki saluni. Anatafuta sababu.”

“Hayo ni masikio”

Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kijana alisema kwa simu kuwa baba yake alifanya kazi miaka mingi karibu na injini za treni, kwa hiyo masikio yameharibika. Jirani akasema ni kwinini, maana watu wa umri ule katika bonde la Kilombero walimeza kwinini nyingi kwa ajili ya malaria. Mwingine akanong’ona kuwa mzee anachezewa.

Maelezo mawili ya kwanza hayakuwa ya kijinga. Kelele kubwa za kazini huharibu kweli chembe ndogo za sikio la ndani, na chembe hizo zikifa hazioti tena. Kwinini huleta kweli mlio masikioni. Wazee wa Ifakara wanaikumbuka vizuri hali hiyo, sikio likilia huku homa ikishuka. Dawa nyingine, kama aspirini kwa dozi kubwa, nayo huleta mlio, na sindano za streptomaisini zilizotumika kwa kifua kikuu zinaweza kuacha madhara ya kudumu kwenye usikivu.

Kwa hiyo familia ilikuwa na elimu. Kilichokosekana ni kumuuliza mzee maswali mawili mepesi: mvumo huo unausikia hata ukiwa shambani? Na umeme ukikatika, unaendelea?

Mlio unaotoka ndani ya sikio humfuata mtu popote. Huwa naye kitandani, sokoni na kwenye majaruba ya mpunga, na mara nyingi huzidi mahali palipo kimya. Hausubiri Jumamosi, wala haukatiki kwa sababu mtu amechomoa plagi. Mzee wa Katindiuka alikuwa anausikia mvumo sebuleni tu, jioni tu, na umeme ukiwapo tu. Majibu hayo yangetosha kuonyesha kwamba chanzo hakiko kichwani mwake. Hakuna aliyeuliza.

Naye akanyamaza. Alifunika amplifaya kwa kitambaa cha mezani cha marehemu mkewe, akahamishia kiti chake nje chini ya mwembe. Chakula cha usiku alianza kula mapema, peke yake, na kulala mapema. Wajukuu walipomwamkia aliitikia shikamoo zao, lakini hadithi zake za reli, za stesheni moja hadi nyingine mpaka Kapiri Mposhi, zilikoma.

Familia ikaona amani imerudi.

Mkono juu ya kifuniko

Aliyelitegua jambo hili ni mjukuu wa kidato cha tatu, yule ambaye ada yake ilitoka saluni. Jumamosi moja alikaa sebuleni akisoma fizikia, sura ya sumakuumeme. Alitaka kusikiliza muziki kidogo, akaondoa kitambaa, akawasha amplifaya ya babu. Kabla hajaweka wimbo wowote, chombo kikaanza kuunguruma.

Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha bati. Kilikuwa kinatetemeka. Upande wa pili wa ukuta drai ilikuwa inafanya kazi. Mteja akanyanyuka, drai ikazimwa, na mtetemo ukafa chini ya mkono wake.

Alitoka nje hadi chini ya mwembe. “Babu, njoo uguse.”

Mzee akaja, akaweka mkono. Binti akamwomba mama yake awashe drai kwenye namba moja. Kifuniko kikaunguruma. Aisogeze namba mbili. Kikatulia, ukabaki mvumo mdogo wa kuutafuta kwa sikio. Namba moja tena. Kikaunguruma. Walirudia mara tano. Mara ya mwisho mkwe alimpa mteja wake drai aishike, akaja sebuleni mwenyewe, akaweka mkono wake kando ya mkono wa baba mkwe wake.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, “Baba, nilikuwa nakuja kusikiliza nikiwa nimeizima.”

Chuma kinachoshiba

Fundi redio aliyeitwa kutoka mjini alianza kwa kuchomoa nyaya za spika. Mvumo ukaendelea vilevile. Hapo alijua tatizo haliko kwenye sauti inayokwenda kwa spika, bali liko kwenye transfoma, lile pande zito la chuma na waya wa shaba linalofanya amplifaya iwe na uzito wa debe.

Kila transfoma huvuma kidogo, hata ile iliyo juu ya nguzo ya mtaani. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, uwe umetoka Kidatu, Kihansi au kwingineko. Katika kila mzunguko umeme husukuma upande mmoja, kisha hugeuka na kusukuma upande wa pili kwa nguvu ileile. Chuma cha ndani ya transfoma kikitiwa sumaku hubadilika urefu kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho, na hufanya hivyo mara mbili kwa kila mzunguko. Ndiyo maana mvumo wa kawaida wa transfoma ni mitetemo 100 kwa sekunde, sauti nzito ya chini.

Shida huja pale umeme unapoacha kusukuma sawasawa pande zote mbili. Drai nyingi za bei nafuu hupunguza nguvu kwa njia rahisi: kwenye namba moja umeme hupitishwa kwenye dayodi, kifaa kidogo kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Drai inakula nusu ya kila mzunguko na kuiacha nusu nyingine. Kwa nywele haina neno, upepo unakuwa wa moto kiasi. Kwa nyaya za nyumba ni kama mizani iliyowekwa kokoto upande mmoja. Juu ya umeme wa kawaida kunakaa kiasi kidogo cha umeme wa kusukuma upande mmoja tu, kama wa betri, ambao mafundi huuita DC. Kwa wasomaji wa wilayani, DC huyu si Mkuu wa Wilaya.

Kiasi chenyewe ni kidogo. Drai ya wati 1,200 ikiwa namba moja huvuta wastani wa zaidi kidogo ya ampea mbili za upande mmoja. Kama waya kutoka kwenye nguzo ni mrefu au mwembamba, hiyo inatosha kuacha kitu kama nusu volti hadi volti moja kwenye soketi za nyumba nzima. Ukilinganisha na volti 230 si chochote, na taa, pasi na friji haziwezi kulalamika. Lakini transfoma ya amplifaya hii ilikuwa ya umbo la pete, ile inayopendwa kwa sababu ni ndogo na tulivu. Pete yake ya chuma haina mwanya wowote, na waya wake una ukinzani mdogo sana. Nusu volti ikipita kwenye waya wenye ukinzani wa omu mbili, huingia robo ya ampea ambayo haigeuki. Sumaku inajazwa upande mmoja bila kupumzishwa, mpaka chuma kinashiba. Chuma kikishashiba, kila mzunguko wa umeme unakitikisa, na ule mvumo mpole unageuka muungurumo.

Transfoma za zamani zilizopangwa kwa vipande vya chuma vyenye umbo la herufi E hustahimili zaidi, kwa sababu palipoungwa vipande hubaki mwanya mdogo. Ndiyo sababu sabufa ya jirani, hata kama ingechomekwa kwenye nyumba ileile, huenda isingelia.

Fundi aliongeza jambo moja ambalo liliokoa lawama. Transfoma ya mtaani haipitishi DC. Umeme wa namna hiyo huzaliwa upande wa majumbani, kwenye vifaa vya watumiaji wenyewe. Hapakuwa na haja ya kwenda kuandika malalamiko popote. Chanzo kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Kisanduku cha fundi

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza haina gharama: drai itumike namba mbili tu. Mkwe alikubali mara moja, lakini mzee akakataa. Namba moja ndiyo ya vichwa vya watoto wadogo, na watoto wadogo ndio wateja wa Jumamosi.

Njia ya pili ni kisanduku kinachowekwa kati ya soketi na amplifaya ili kuzuia DC isipite. Kazi yake inategemea tabia moja ya kapasita: huupitisha umeme unaogeukageuka na huuzuia usiogeuka. Fundi huunganisha kapasita mbili kubwa kwa kuzielekeza kinyume, kila moja kwa mfano ya maikrofaradi 10,000 au zaidi, kwenye waya mmoja kati ya miwili inayopeleka umeme. Kando yake huweka daraja la dayodi lenye uwezo mkubwa, la ampea 25 au 35. Kwa kawaida dayodi hizo zimelala. Volti juu ya kapasita ikipanda hadi kufikia kama volti moja na nusu, kwa mfano amplifaya inapowashwa na kuvuta umeme mwingi kwa mpigo, dayodi huamka na kupitisha mzigo, kapasita zisiungue.

Hapa ndipo penye hatari, na fundi alilisema mbele ya watoto wote. Kapasita hizo zinaweza kuwa zimeandikwa volti 16, na mtu akadhani ni kitu cha kuchezea. Ni kweli kati ya ncha zake mbili kuna volti chache tu. Lakini kifaa chote kimekaa kwenye waya wa volti 230, na anayekigusa akiwa amesimama sakafuni anaguswa na volti 230. Inaua. Kwa hiyo kisanduku kiwe kimefungwa kabisa, kiwe na fyuzi mwanzoni, na kama ni cha chuma kiunganishwe na waya wa ethi. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, upite moja kwa moja hadi kwenye amplifaya bila kukatwa na bila kuwekewa kitu chochote njiani. Wapo wanaokata ethi ili kuondoa mvumo wa kwenye spika. Huko ni kuondoa kelele na kubakiza kifo. Kazi hii si ya kujaribiwa na mwanafunzi wala na baba wa nyumba mwenye bisibisi, ni ya fundi anayejua umeme wa majumbani.

Gharama ya vifaa na ufundi ililipwa na saluni, kutoka kwenye vichwa vya Jumamosi mbili. Mkwe ndiye aliyeshikilia iwe hivyo.

Kisanduku kilipofungwa, drai ikawashwa namba moja na wote wakasogeza masikio. Muungurumo haukuwapo. Mvumo mdogo ulibaki, ule wa kawaida wa transfoma, na usiku wa manane huongezeka kidogo. Fundi alieleza kuwa mashine za kukoboa mpunga na mizigo mingine ikizimwa, volti huweza kupanda, na chuma cha transfoma hufanya kazi zaidi. Kisanduku cha kuzuia DC hakitibu hilo. Wala hakitibu bolti iliyolegea chini ya transfoma, wala umeme wa inveta ya bei rahisi ya sola, wala mvumo unaotoka kwenye spika kwa sababu kapasita za ndani ya amplifaya zimezeeka. Kila moja ina dawa yake. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kujua sauti inatoka wapi na inakuja lini.

Na masikio je?

Familia ilipotulia, ilibaki aibu. Kijana alikuja kutoka Kidatu mwisho wa mwezi na kumwomba baba yake radhi. Mzee alijibu kwa maneno ambayo mkwe wake anayarudia hadi leo: “Saluni sikuichukia. Nilichukia kuambiwa sisikii ninachokisikia.”

Lakini kwa kuwa masikio yalikwisha tajwa, walikubaliana yapimwe. Mzee alikwenda hospitali na mjukuu wake. Ngoma za masikio zilikuwa nzima. Sauti nzito za chini alizisikia vizuri, na ndiyo maana mvumo haukumpita. Zilizopungua ni sauti nyembamba za juu, na hapo ndipo zilipo sauti kama s, f na t katika maneno ya watu. Kijana wake, kwa hiyo, hakuwa amekosea kabisa kuhusu injini za treni. Alikosea kudhani kwamba masikio yaliyopungua upande mmoja hayaaminiki upande mwingine.

Hali hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilieleza kuwa watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu wa usikivu unaowazuia maishani. Miongoni mwa waliovuka miaka 60, zaidi ya robo wamo katika kundi hilo. Anayepoteza sauti za juu mara nyingi husema, “Nakusikia, ila sikuelewi.” Husikia kuwa kuna mtu anaongea, lakini maneno yanafika yamekatika. Palipo na mvumo, feni au redio nyuma ya mazungumzo, hali huwa mbaya zaidi.

Athari zake haziishii masikioni. Jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la The Lancet, mwaka 2020 na tena mwaka 2024, liliweka upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo yanayoweza kupunguzwa ili kukinga ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Moja ya maelezo ni upweke. Mtu asiyefuata mazungumzo hujiondoa polepole, na akili isiyozungumzishwa hudhoofika. Mzee wa Katindiuka alikuwa na sababu mbili za kujiondoa, moja ndani ya sikio na moja ndani ya boksi la amplifaya. Familia ilikuwa imezichanganya, ikayaamini masikio kuwa mabovu pale yalipokuwa sahihi, na haikujua upungufu wake ulipo hasa.

Siku hizi nyumba ile ina kanuni chache. Anayezungumza na babu humkabili usoni, maana midomo nayo husaidia kuelewa. Hapigi kelele, anasema taratibu. Televisheni hupunguzwa sauti wakati wa chakula. Na nta ya masikio haichokonolewi tena kwa njiti ya kiberiti, huenda kutolewa kituo cha afya.

Kabla ya kusema ni uzee

Wauguzi na madaktari hufundishwa kumuuliza mgonjwa ilianza lini, iko wapi, inaongezeka wakati gani na inapungua kwa nini. Maswali hayo hayahitaji koti jeupe. Mzee akisema anasikia mvumo, ulizeni kama anausikia chumba kimoja au kila mahali. Zimeni umeme kwenye swichi kubwa mbele yake, naye aseme kama umekoma. Wekeni mkono juu ya chombo anachokishuku huku mwingine akiwasha na kuzima vifaa vya nyumbani kimoja kimoja. Ukikoma, tafuteni fundi. Usipokoma, na hasa ukiwa wa sikio moja, umekuja ghafla, unadunda pamoja na mapigo ya moyo, au umefuatana na kizunguzungu au kupungua usikivu, mpelekeni hospitali bila kuchelewa, na mchukue orodha ya dawa anazotumia.

Zoezi lote linachukua dakika kumi. Kule Katindiuka, miezi minane ilipita kabla mtu wa kwanza hajaweka mkono, naye alikuwa mtoto mwenye mtihani wa fizikia Jumatatu.